Tone la damu kabla ya tembe

Nyumba nyingi hapa Pwani zina mzee mwenye ile mashine ndogo ya kupima sukari. Kidole kinadungwa, tone linatiwa kwenye kijikaratasi, umeme mdogo unapita, nambari inatokea. Kijikaratasi hicho kina kimeng'enya, na kinachotafutwa ni sukari. Siku hizi zipo mashine za jamii hiyo zilizogeuziwa kazi: kijikaratasi kinabeba chakula cha kimeng'enya, na kinachopimwa ni nguvu ya kimeng'enya kilichomo damuni mwako.

Mimi nazungumzia G6PD, inayolinda chembe nyekundu za damu. Upungufu wake ni wa kurithi, na umezoeleka penye historia ndefu ya malaria, ukanda wetu ukiwemo. Wanaume ndio huathirika zaidi. Mtu huishi nao miaka bila kujua, mpaka apewe dapsoni, au primakwini kwa dozi kubwa. Chembe zinapasuka na mkojo unakuwa mweusi kama kahawa tungu. Hata vile vidonge vyeupe vya nondo tunavyotia kabatini, vikikaa na nguo za mtoto mchanga mwenye upungufu huu, vinaweza kumtia manjano ya hatari.

Wala si hofu ya bure. Lapdap, dawa ya malaria iliyokuwa na dapsoni ndani yake, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu hiyo hiyo.

Vipimo vya ndiyo au la vipo, lakini mwanamke aliyerithi jeni moja mbovu huwa katikati, na hupita kama mzima. Huyo anahitaji nambari. Nambari nayo ina masharti: joto huongeza kasi ya kimeng'enya, kwa hivyo mashine iliyowekwa chini ya mabati mchana wa Februari lazima iwe na hesabu ya kulirekebisha. Tena usimpime mgonjwa damu ikishapasuka ukaridhika, kwa maana chembe changa zilizobaki huonyesha nguvu kuliko hali yake halisi.

Afya ni jukumu la kaunti tangu 2013. Bajeti zikijadiliwa, ndugu zangu, tusiulize majengo na ambulensi peke yake. Kwa maoni yangu mashine hizi zianzie wodi za wazazi, kwa watoto wenye manjano, kisha kliniki za ukoma, ambako dapsoni hutolewa kila siku.