Walimu wa Sayansi Wasiachwe Kutafuta Peke Yao

Kuna neno tunalolisikia kila tunapotembelea matawi ya Bukoba na Muleba, nalo ni hili: "Siku hizi kila kitu kimo mtandaoni." Mwalimu akilalamika kwamba hana maabara, huambiwa atafute mtandaoni. Akisema vitabu havitoshi, jibu ni lile lile. Msemaji huona amekwisha toa msaada, akashika njia yake. Sisi twasema neno hilo ni kweli nusu, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayowaumiza watoto wetu.

Twaanza na kisa chetu wenyewe, maana si vyema kuwanyoshea wengine kidole hali sisi tumeteleza. Tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, tulipewa darasa la 5 katika shule moja ya wilaya ya Muleba. Somo lilikuwa jua na vivuli. Vitabu vilikuwa haba, basi usiku tulinunua bando, tukatafuta katika simu, tukapata ukurasa wenye picha za kupendeza, umepangwa vizuri kuliko kitabu chochote tulichowahi kukishika. Ukurasa ule ulisema kwamba saa 6 mchana kivuli cha fimbo huelekea kaskazini. Tulinakili neno kwa neno, na asubuhi tukaandika ubaoni.

Ulikuwa mwezi wa Julai. Ilipofika saa 6 tuliwatoa watoto uwanjani, tukasimamisha fimbo. Kivuli kikalala kusini. Mtoto mmoja akauliza kwa adabu, "Mwalimu, mbona kivuli kinaelekea Biharamulo, hakielekei Bukoba?" Twaona haya kuandika tulivyomjibu. Tulimwambia arudi darasani akanakili yaliyo ubaoni. Naye alitii, akaandika katika daftari lake jambo ambalo macho yake yalikuwa yamekwisha likataa.

Ukurasa ule haukusema uongo. Uliandikwa kwa ajili ya watoto wa nchi za kaskazini, London na kwingineko, ambako jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima. Lakini Muleba iko karibu nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Kwetu, tangu katikati ya Machi hata mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini na kivuli huangukia kusini. Miezi iliyobaki mambo hugeuka. Katikati ya Julai fimbo ya mita 1 hutupa kivuli cha sentimita 43 hivi wakati wa adhuhuri. Tena hata hiyo saa 6 si adhuhuri ya kweli kwetu. Saa za Tanzania zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na nyuzi 32, kwa hiyo Muleba katika mwezi ule jua hufika juu kabisa ikikaribia saa 7 mchana. Angalieni somo lilivyokuwa tamu! Mzunguko wa dunia, ikweta, longitudo, yote yalikuwa yamelala pale uwanjani, hayataki bando wala umeme, nasi tukayafukuza kwa sababu ukurasa wa watu wengine haukuyataja.

Basi je, tuutupe mtandao? La hasha. Iko programu ya bure iitwayo Stellarium, ambayo ukiisha kuiweka katika kompyuta huhitaji mtandao tena. Huiambia, "Mimi niko Muleba, ni tarehe fulani," nayo hukuonyesha jua na nyota kama zinavyoonekana Muleba. Kama tungaliifahamu usiku ule, mtoto yule asingaliambiwa arudi darasani. Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Tatizo letu si kwamba vitu havipo. Tatizo ni kwamba kila mwalimu ameachwa azame peke yake, usiku, kwa fedha ya mfuko wake, hana wa kumwambia kipi ni cha kwetu na kipi si cha kwetu.

Vipo vitu vyema, na vingine ni vya nyumbani. Taasisi ya Elimu Tanzania inayo Maktaba Mtandao, na humo vimo vitabu vya kiada vyenyewe, vya kusoma bure. Twashangaa jinsi tulivyokutana na walimu wasiopata kusikia habari zake. Ubongo Kids, kipindi cha katuni cha hesabu na sayansi, hutengenezwa Dar es Salaam tangu mwaka 2014, nacho husema Kiswahili ambacho mtoto wa Kamachumu hukielewa bila mkalimani. Shule Direct wana masomo ya sekondari tangu mwaka 2013.

Lakini kama tungeulizwa tuchague kimoja kwa mwalimu wa kidato cha 4, tungechagua kitu ambacho hakina picha za kupendeza hata kidogo: taarifa za Baraza la Mitihani za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Baraza huzitoa bure. Humo swali huchambuliwa moja moja, huonyeshwa jibu la mtahiniwa aliyefanya vyema na la yule aliyekosea, na husemwa kwa nini alikosea. Mwalimu akikaa na taarifa ya fizikia ya miaka michache iliyopita, huona mashimo yale yale ambamo watoto hutumbukia mwaka hata mwaka. Hiyo ni mali. Tumeingia katika ofisi za walimu ambamo karatasi za mitihani ya zamani zimepangwa hata darini, wala hapana hata nakala moja ya taarifa hizo.

Kwa shule isiyo na maabara yako pia majaribio ya kuigiza katika kompyuta yaitwayo PhET. Yalianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, na Carl Wieman, aliyepata Nishani ya Nobel ya fizikia mwaka 2001. Mwanafunzi huunganisha betri, waya na taa kwa kidole chake, akakosea, akaunganisha tena, wala hapana kinachoungua. Mengi ya majaribio hayo huweza kuhifadhiwa katika flashi na kutumiwa pasipo mtandao. Baadhi yamekwisha tiwa Kiswahili na watu wa kujitolea, na mlango huo ungali wazi kwa mwalimu yeyote mwenye nia. Hata hivyo twaonya: betri ya kompyuta haigeuki kuwa betri. Waya mbili, betri za redio na balbu ya tochi vyapatikana katika duka lolote la Bukoba, na mtoto aliyeigusa waya hukumbuka kuliko aliyeitazama. Cha kuigiza kiwe kwa yale ambayo hatuwezi kuyashika, kama mwendo wa molekuli.

Sasa, namna ya kupima ukurasa. Hapa tunao mfano wa nyumbani kuliko yote. Andikeni Kashasha katika mtandao. Mtaletewa kurasa nyingi zisemazo kwamba mwaka 1962 watu wa Tanganyika walicheka mfululizo kwa miezi mingi bila kunyamaza. Watu wa mbali husoma, wakacheka na wao. Ukweli ni nini? Tarehe 30 Januari 1962, wasichana 3 wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha walianza kupatwa na hali ya kucheka na kulia, na baadaye wakafikia 95 katika wanafunzi 159. Shule ilifungwa mwezi wa Machi. Madaktari Rankin na Philip waliandika habari hizo mwaka 1963 katika jarida la udaktari la Afrika ya Kati. Wao walisema hali ile humshika mtu kwa dakika chache hata saa chache, kisha hupumzika, na pengine humrudia. Walipima, wasione sumu wala kijidudu. Hapana mwanadamu aliyecheka miezi mfululizo, mapafu hayawezi! Mwalimu awaulize wanafunzi wake: Nani aliandika ukurasa huu? Lini? Alikuwapo, au amenakili kwa aliyenakili? Na je, mwili wa mtu waweza jambo hili? Mtoto wa Muleba akiisha kujua kwamba dunia nzima yaweza kukosea habari za kijiji cha jirani yake, hatadanganywa upesi na lolote jingine.

Twaja katika mambo mawili yatuumayo. La kwanza ni umbali. Mtoto wa Bukoba mjini ambaye baba yake ana simu nzuri atapata haya yote hata mwalimu asipomwonyesha. Na mtoto wa kisiwa cha Bumbire je? Tukisema "kila kitu kimo mtandaoni" kisha tukaketi, tumewaongezea wenye nacho. Lakini dawa ipo. Iko programu iitwayo Kolibri, nayo ni ya bure, yenye kuzungumza Kiswahili, iliyotengenezwa makusudi kwa mahali pasipo na mtandao. Masomo hujazwa mara moja katika kompyuta moja ndogo, kisha simu na kompyuta nyingine zilizo karibu huyasoma kutoka kwake. Kompyuta hiyo yaweza kujazwa Bukoba mjini, ikavuka ziwa katika mtumbwi ndani ya mfuko wa nailoni. Kinachotakiwa ni mtu wa kuijaza na mtu wa kuivusha, na sola ya kuiwasha.

La pili ni lugha. Mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili hata darasa la 7, kisha akivuka mlango wa sekondari hukuta Kiingereza kitupu, na wengi huacha kuuliza maswali tangu siku hiyo. Msituambie maneno hayapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Maneno yamekaa kabatini zaidi ya miaka 30 yakingoja walimu. Tazameni mnyauko wa migomba, ambao ulipogunduliwa Tanzania mwaka 2006 ulionekana kwanza wilayani Muleba. Wataalamu wamejifunza mengi juu yake: kwamba ni bakteria, kwamba wadudu hueneza kwa ua dume na sisi wenyewe kwa panga, kwamba ua dume liondolewe kwa kijiti chenye panda, na panga lipitishwe motoni. Sehemu kubwa ya maandiko hayo imo mtandaoni kwa Kiingereza. Mtoto ambaye ndizi ya nyumbani kwao imekufa husoma somo la bakteria kwa mifano ya maziwa na jibini za Ulaya.

Wapo watakaosema kwamba walimu ni wavivu, wangetaka wangetafuta. Twawauliza: nani alimnunulia bando? Na darasa la watoto 80 aliliacha kwa nani alipokuwa akitafuta?

Sisi twataka jambo dogo lenye kutendeka. Walimu wa sayansi tayari hukutana shuleni katika mafunzo endelevu ya kazini. Katika kila kata wachague watu 3 au 4, wakae siku moja ya muhula, wapitie kurasa na majaribio, kila kimoja wakijaribu kwa fimbo, kwa waya au kwa jani la mgomba wa hapa. Kilichofaa kitiwe katika flashi, kiandikwe maelezo ya Kiswahili ya nusu ukurasa, kipewe kila shule ya kata. Kisichofaa kiandikwe pia, na sababu yake. Bando la siku hiyo lilipwe na halmashauri, wala lisitoke katika mshahara wa mwalimu.

Makatibu wa matawi nao wana kazi. Kabla ya mkutano ujao wa wilaya, kila katibu atuletee orodha ya shule za kata yake: ipi ina kompyuta inayowaka, ipi ina umeme au sola, na ipi ina kompyuta iliyofungiwa stoo ndani ya boksi lake kwa kuwa ufunguo haujulikani uko kwa nani. Twaanza na hizo za boksi.