Ukuta unatoka jasho, mpangaji anatetemeka!

Kama wewe ni mtu wa Dar au Tanga, unayelala na feni usiku kucha huku shuka limekimbilia miguuni, leo tulia nikupe habari za upande wa pili. Na kama umepanga kwenye baridi, umenunua pazia jipya na bado chumba kinanuka kama gunia lililolowa, basi safu ya leo ni yako. Ikate uibandike. Ila usiibandike ukutani, utajua kwa nini.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kazi ndiyo iliyonileta Karatu, mji ambao magari ya watalii yanayotoka Arusha kwenda Ngorongoro hupita yakitimua mbio, watalii wakitupungia mikono. Nilifika mwezi wa nne, katikati ya masika, nikiwa na begi, godoro na mkeka wa ukindu niliopewa na bibi yangu. Dalali akanionyesha chumba na sebule: sakafu ya saruji, bati juu, umeme upo, bomba liko uani. Kuta zilikuwa ndiyo kwanza zimepakwa rangi ya mafuta, kijani inayong'aa mpaka unajiona sura. Nikajisemea, mazee, hapa nimepata! Nikalipa kodi ya miezi sita mkononi. Sikujiuliza hata kidogo kwa nini mtu apake nyumba rangi katikati ya mvua.

Wiki ya tatu nikapata jibu. Ile rangi ilianza kutoa malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Ukiligusa moja linapasuka, maji yanachuruzika. Usawa wa goti ukajichora mstari wa kahawia chumba kizima. Godoro upande wa ukutani likawa limelowa kila asubuhi, mpaka mtu ungenidhania mambo mengine. Siku moja nikachungulia uvunguni kutoa viatu vyangu vya harusi, vile vyeusi nilivyovivaa mara moja tu maishani. Loo! Vimeota mvi! Viatu vimezeeka kabla ya ndoa yenyewe.

Mwenzangu alikuja kutoka Tanga mwezi wa sita. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi mara mbili, kisha akaniuliza kwa ile sauti ya upole ambayo ukiisikia kwa mwanamke wa Tanga ujue mambo yameharibika: "Mume wangu, hapa ndo nyumbani, au ndo stoo ya nyumbani?"

Nikaamua kuzuga. Nikanunua pazia la maua, zulia la plastiki la kutandika ukuta kwa ukuta, mapicha ya kubandika na udi wa kufukiza. Kwa siku kumi nyumba ilipendeza, wageni wakasifia. Ya kumi na moja picha moja ikadondoka yenyewe, na nyuma yake ukungu mweusi umetandaa kama ramani ya Afrika. Tukainua zulia. Ule mkeka wa bibi, tuliokuwa tumeuficha chini yake, umeoza vipande vipande. Mwenzangu hakusema kitu. Aliuokota kipande kimoja kimoja, akaukunja kwenye kanga kama mtu anayefunga maiti. Usiku ule akaniambia akipata nauli anarudi kwao mpaka nitakapopata nyumba ya watu.

Sasa ikaingia Julai. Wanaosema Tanzania ni nchi ya joto waje Karatu mwezi wa saba. Mji uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukipandisha mpaka ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200, ambako asubuhi ukungu ni mzito huoni hata gari la mbele yako. Mimi, kidume, nikatafuta suluhisho. Nikawasha jiko la mkaa nje, nikangoja moshi uishe wote, mkaa ukawa mwekundu safi. Nikaliingiza chumbani, nikafunga dirisha, nikaziba chini ya mlango kwa suruali kuukuu. Chumba kikapata joto, ukuta ukaanza kukauka, mwenzangu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. Tukalala kama wafalme.

Msomaji wangu, nusura tusiamke.

Mwenzangu ndiye aliyezinduka, kichwa kinamgonga, anataka kutapika. Akajikokota mpaka mlangoni, akaufungua, miguu ikamwishia akaanguka pale pale kizingitini. Ile baridi niliyokuwa naikimbia ndiyo iliyoingia ikatuokoa. Kishindo kikamwamsha jirani yetu, mama mmoja wa Kiiraqw wa makamo. Akaja, akalitupa jiko uani, akamvuta mwenzangu nje, kisha akanirudia mimi akaniburuta kwa miguu mpaka kwenye majani, nikiwa nimevaa kile nilicholala nacho, ambacho hapa sikitaji. Tukakimbizwa hospitali, tukawekewa oksijeni.

Pale ndipo nilipoelimishwa, na nawe elimika bure. Mkaa unaowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Moshi ukiisha watu wengi hudhani hatari imekwisha, kumbe mkaa mwekundu bado unaitoa hewa ile mpaka uwe majivu. Ukiivuta inakamata nafasi ya oksijeni ndani ya damu, na kwa kuwa umelala hujui lolote. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea ndizo dalili zake. Ukiziona na kuna jiko ndani, usitafute vidonge. Toka nje kwanza, mtoe na mwenzako, halafu hospitali. Na usiniambie mbona wazee wetu waliwasha moto ndani. Zile nyumba zilikuwa na matundu ya kutosha, na bado moshi wake uliwamaliza macho na vifua.

Tuliporudi, yule mama alikuja kutuona. Shikamoo zikapita, chai ikanywewa, kisha akasimama akaanza kupapasa ukuta wetu kwa kiganja, juu, katikati, chini, kama mkunga. Akatoka nje akazunguka nyumba. Akarudi anacheka. "Mwanangu, ndani unawasha moto, nje umeyaachia maji yanaingia. Utamaliza mkaa wa Karatu nzima." Akatusimulia habari za nyumba za zamani za Wairaqw, zilizochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa kwa udongo. Nyumba ya namna hiyo, alisema, ukikosea njia ya maji unalala kisimani. Na kule juu Ngorongoro, wajenzi wa nyumba za Kimasai ni akina mama. Wanasimamisha fito, wanakandika kwa udongo na samadi, na mvua ikipasua paa mama mwenyewe anapanda kuliziba. Hakuna kumsubiri mwenye nyumba.

Nikamwuliza kwa nini huku unyevu umezidi. Jibu lake lilikuwa kidole tu, akaelekeza msitu wa Ngorongoro uliofunikwa na mawingu. Baadaye nikaelewa. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi ukifika kwenye milima hii unalazimika kupanda. Ukipanda unapoa, na mvuke wake unageuka mawingu na mvua upande huu wa mashariki. Ndiyo maana huku kuna msitu na mashamba ya kahawa, na ukivuka upande wa pili kuelekea Olduvai unakuta vumbi na ukame. Yaani mimi nimeikimbia bahari ya kwetu Tanga, kumbe yenyewe imepanda upepo ikanifuata mpaka chumbani!

Basi tukaanza upya. Kabla hujanunua hata kopo moja la rangi, jiulize: maji haya yanatoka wapi? Kuna njia tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni chini. Kama msingi haukuwekewa nailoni wala kitu cha kuzuia maji, ukuta unayanyonya kutoka ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Ule mstari wangu wa goti ndiyo alama yake. Ya pili ni juu: misumari ya bati iliyolegea, bati lenye kutu, au maji ya paa yanayodondokea miguuni mwa ukuta kwa kukosa gata. Ya tatu, usishangae, ni wewe mwenyewe. Pumzi zako, sufuria ya maharage inayochemka chumbani, nguo mbichi ulizotundika ndani, vyote ni mvuke. Mvuke ukikutana na ukuta wa baridi, au bati lisilo na singibodi, unageuka matone.

Utajuaje ni ipi? Chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku mbili. Maji yakiwa juu ya nailoni, upande wako, huo ni mvuke wa ndani. Yakiwa nyuma ya nailoni, ukuta wenyewe umelowa. Sisi tulikuta pande zote mbili. Ngoma droo.

Nikamfuata mzee mwenye nyumba. Shikamoo mzee, marahaba kijana. Nilipomweleza akaniambia nyumba ile imesimama tangu kabla sijazaliwa. Jibu lililonijia nikalimeza, nikamwambia mimi nitatafuta fundi na vifaa, yeye akate kodi ya mwezi mmoja. Akafikiri, akakubali. Tukaandika kwenye karatasi, tukasaini mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Wewe uliyepanga, usifanye matengenezo kwa maneno ya mdomo. Mkikosana utaondoka na koleo tu.

Jumamosi moja ikatosha kwa kazi ya nje. Tukaondoa rundo la mchanga na kuni vilivyoegemea ukuta. Tukachimba mfereji wa kina cha mkono mmoja, ukielekea chini mbali na nyumba. Fundi akafunga gata na kulielekeza kwenye pipa, na maji yaliyokuwa yanatuozesha yakawa ya kufulia. Ndani tukahamisha kitanda na kabati shubiri moja kutoka ukutani ili hewa ipite. Zulia la plastiki tukalitoa. Kupika kukahamia kibandani uani, nguo zikaanikwa nje. Jua likitoka tunafungua dirisha la chumbani na mlango wa sebuleni kwa pamoja, upepo unaingia huku unatokea kule.

Ule ukungu mweusi tuliusugua kwa maji ya sabuni, pua tumezifunga kitambaa. Mabaki tukayapaka jiki iliyochanganywa na maji, madirisha wazi. Jiki usiichanganye na siki wala dawa ya chooni, itakutolea hewa ya sumu, na mimi habari za hewa za sumu zimenitosha.

Rangi ya mafuta tuliikwangua yote. Rangi ile ni kama kumvalisha mtu anayetoka jasho koti la mvua: jasho halitoki, linarudi ndani. Tukangoja wiki tano ukuta ukauke, kisha tukapaka chokaa. Chokaa inauacha ukuta upumue, ukungu hauipendi, na bei yake hata kapuku anaimudu. Chumba kikawa cheupe, kikaonekana kimeongezeka ukubwa.

Hapo sasa ndipo urembo ulipopata haki yake. Tulikwenda mnadani Karatu, tukachagua mapazia mazito ya mitumba kwa bei ya kutupa na shuka mbili za Kimasai, nyekundu na bluu, za kutandika kitandani. Kanga za mwenzangu zikaning'inizwa kwenye kamba iliyoachana na ukuta. Asubuhi tunakaanga kahawa ya huku huku kibandani, na harufu yake ikiingia unasahau kabisa lile gunia. Baridi bado ipo, sitakudanganya. Tunapambana nayo kwa blanketi mbili, soksi na chupa ya maji moto miguuni. Jiko linalala nje, na suruali yangu ya kuzibia mlango imekuwa tambara la deki.

Mstari wa goti haujafutika wote. Kwenye kona moja bado kuna kivuli chake, na masika yakija tutajua kama mfereji ni mfereji kweli. Lakini juzi mwenzangu alipata simu ya kwao, wakamwuliza anarudi lini. Nilikuwa sebuleni najifanya nasoma gazeti. Nikamsikia anasema: "Nirudi wapi tena? Mimi nipo nyumbani. Ila mwambieni bibi atume mkeka mwingine."

Nikalishusha gazeti. Kumbe nilikuwa nimelishika kichwa chini miguu juu.

Haya, msomaji wangu, kabla hujalala leo papasa ukuta wako, na jiko litoe nje. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.