DHAHABU KWA TAJIRI, KARATASI KWA ASKARI



Wako wanaosifu noti za Serikali ya Marekani zilizozaliwa vitani, ati zilikuwa zawadi ya Rais Lincoln kwa maskini. Sisi twakataa. Na tuisome noti yenyewe.

Vita vya Kaskazini na Kusini vilianza 1861. Mwisho wa mwaka huo mabenki yakaacha kutoa dhahabu, na Serikali ina jeshi la kulisha. Basi tarehe 25 Februari 1862 ikatungwa sheria ya kupiga chapa noti za dola milioni 150 zisizo na dhahabu nyuma yake. Kufika 1863 zilizoruhusiwa zilikuwa milioni 450. Migongo yake ilikuwa ya rangi ya majani, na watu wakaziita kwa rangi hiyo. Amri ikawa kila mtu azipokee.

Kila mtu? Nyuma ya noti yalitajwa mambo mawili ambayo haikufaa kuyalipia: ushuru wa forodha, na faida ya mkopo wa Serikali. Ushuru ulitozwa kwa dhahabu ili tajiri aliyeikopesha Serikali apate faida yake kwa dhahabu. Aliyetoa fedha akalindwa. Aliyetoa damu akapewa karatasi.

Askari alipata dola 13 kwa mwezi, na Juni 1864 akapandishiwa zikawa 16. Wakubwa wakasema ameongezwa! Lakini Julai dola 100 za dhahabu zilinunuliwa kwa dola 285 za noti, kwa hiyo zile 16 hazikufika hata 6 za dhahabu. Nyongeza ya namna hiyo sisi wa reli twaijua sana: hesabu imepanda, kibaba cha unga kimepungua.

Askari weusi walikuwa chini zaidi: dola 10, na humo 3 zilikatwa za nguo. Wale wa kikosi cha 54 cha Massachusetts walikataa kupokea hata senti mpaka walipwe sawa na weupe. Jimbo lao lilipotaka kuwajazia pengo, wakakataa pia. Walipigana zaidi ya mwaka bila mshahara. Mwaka 1864 wakashinda, wakalipwa kwa noti zile zile zilizokwisha kushuka.

Vita vikaisha 1865. Mwaka 1869 Congress ikapitisha sheria kwamba wenye hati za mkopo walipwe kwa dhahabu, hata waliozinunua kwa noti hafifu. Askari wa 1864 hakuna aliyemwita dirishani achukue tofauti yake.