i7 ya Mwaka Gani?

Ukitafuta laptop ya mtumba hapa Mambrui, swali ni moja tu: "Ni i ngapi?" Nami niliuliza hivyo hivyo. Muuzaji mmoja Malindi akaniambia, "Hii i7 ni moto, kaka." Kweli ni moto, pajani haikaliki. Ni i7-4600U, ya 2013, ina koa 2. i5-8250U ya 2017 ina 4, na Windows 11 inaikubali. Yangu haimo.

Ujinga huu wa namba hatukuuanzisha sisi. Machi 2000 AMD iliifikia gigahezi 1 siku mbili kabla ya Intel. Intel ikajibu na Pentium 4: mapigo mengi kwa sekunde, kila pigo kazi kidogo. Namba ikapanda, joto likapanda, na Athlon yenye gigahezi chache bado ikawa inaikaba koo. Mwaka 2004 Intel wenyewe wakaifuta Pentium 4 ya gigahezi 4.

Wao waliacha. Sisi bado tunalipia tarakimu ya kwenye stika! Jamani, kabla hujatuma M-Pesa, iwashe, usome jina lote. Kwa namba kama za hizi mbili, inayofuata baada ya kistari ndiyo kizazi: 4 ni ya nne, 8 ni ya nane. Muuzaji akinuna, mwache anune.