Uzee peke yake haulifanyi gari kuwa klasiki

Wadau, hapa Pasiansi mkweche ukipigwa picha tu, unaandikwa "klasiki" na bei inapanda. Mimi nakataa.

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, linataka gari liwe na angalau miaka 30, liwe limetunzwa katika hali yake ya asili, na lisiwe la mizunguko ya kila siku. Umri ni sharti moja tu.

Chukua Peugeot 504. Historia inayo: ilishinda Safari Rally 1975 na 1978. Lakini pijo iliyofungwa injini ya Toyota na taa za kuungaunga ni usafiri. Iuze kwa bei ya usafiri, wala si aibu.

Utasema mteja ndiye mwamuzi. Sawa, ila anaamua kwa ulichoandika. Akipanda basi kutoka Dar akakuta sivyo, hatakuamini tena hata ukimuuzia viatu.

Kabla ya kuposti, piga picha injini na ndani, hakikisha namba ya chesisi inalingana na kadi, taja kila kilichobadilishwa. Ukimaliza orodha hiyo na neno bado linafaa, liandike.