Lori Kuukuu la Kuvuta Tela

Huko Marekani, malori yaliyochoka kusambaza bidhaa, kama vile International 4700 yenye injini ya DT466 ya lita 7.6, hugeuzwa kuwa vichwa vya kuvuta tela za kulala jamaa safarini. Injini hiyo haina neno. Hatari imo katika chesisi. Mara nyingi chuma chake kimekazwa kwa moto kiwandani: fundi akikichomelea ovyo hukilegeza, na ufa huanzia hapo hapo. Matundu ya boliti za kiti cha tela hutobolewa ubavuni, kamwe si katika kingo za juu na chini, ambako mkazo ni mkubwa zaidi. Mnunuzi na alale chini ya gari achungulie. Rangi mpya huficha mengi. Tela nalo liwe na breki zake, zijifunge lenyewe likichomoka.