Usikate waya wa athi ili kuzima mvumo

Wiki hii kodi zangu zimelala. Jumapili iliyopita niliitwa kwenye kanisa dogo karibu na Nkubu, njia ya Meru kwenda Embu, nikaangalie amplifaya ambayo vijana wa kwaya wamejitengenezea. (Ukijulikana tu kwamba unaandika programu, watu huamini unaweza kutengeneza hata pasi.) Mashine ni safi: transfoma ya amplifaya iliyokufa, chipu mbili za TDA2050, kisanduku cha bati. Tatizo ni kwamba inavuma mmmmm kuanzia sala ya kwanza hadi ya mwisho.

"Uncle, stima ya huku ni chafu," mpiga gitaa akaniambia. Halafu akanionyesha dawa aliyopewa na fundi mmoja mjini: kufungua plagi na kukata ule waya wa kijani na njano, athi. Na kweli mvumo ulipungua.

Jamani! Nyuzi za gitaa la umeme zimeungana na bati la amplifaya. Siku transfoma ikiungua ndani, bati hilo linaweza kubeba volti 240. Athi ikiwepo, mkondo mkubwa unapita na fyuzi inakatika papo hapo. Athi isipokuwepo, fyuzi haijui lolote, bati linangoja. Kijana ameshika gitaa, anasogeza mdomo kwenye maikrofoni ya chuma iliyounganishwa na mashine nyingine yenye athi. Njia ya umeme ni mwili wake. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: fundi anayeuza dawa hiyo hajaondoa mvumo, ameuficha kwa kumweka mtu rehani.

Tena stima inasingiziwa. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, hata ule unaozalishwa pale Kamburu na Gitaru kwenye mto Tana, jirani kabisa na watu wa Embu. Ukipita kwenye daiodi nne unakuwa na mawimbi 100 kwa sekunde, sauti iliyo chini kidogo tu ya waya wa tano wa gitaa (110). Kazi ya kapasita kubwa ni kujaza mabonde kati ya mawimbi hayo. Kwa mkondo wa ampea 1 na kapasita ya maikrofaradi 4,700, bado kunabaki mtikisiko wa kama volti 2. Ndiyo maana kila mtu anakimbilia kuongeza kapasita. Ni sawa na kuongeza RAM kwenye programu mbovu.

Kwa sababu daiodi hazipitishi umeme muda wote. Zinapitisha kwa vishindo vifupi, kila kimoja mara kadhaa ya ule mkondo wa kawaida, na kapasita ikiwa kubwa zaidi vishindo vinakuwa vikali zaidi. Kishindo cha ampea 5 kikipita kwenye kipande cha waya chenye omu 0.01 tu, kinaacha milivolti 50. Waya huohuo ukiwa ndio njia ya kurudi ya sauti inayoingia, umeshaongeza mvumo kwenye wimbo kabla haujakuzwa. Pale Nkubu ndivyo ilivyokuwa: waya mmoja mweusi ulizunguka kisanduku chote kama daladala, ukibeba kila abiria.

Tulianza kama ninavyotafuta kosa kwenye programu, kutenga kwanza. Sauti kwenye sifuri: mvumo ulibaki, kwa hiyo haukuingilia kwenye maikrofoni. Tukakata ule waya mweusi, kila sehemu ikapata waya wake wa kurudi, zote zikakutana kwenye mguu hasi wa kapasita kubwa. Kutoka nukta hiyo, waya mmoja hadi kwenye bati, na athi ikafungwa kwenye bati kwa skrubu, imekazwa. Saketi ndogo ya maikrofoni tuliipa umeme kupitia rezista ya omu 100 na kapasita ya maikrofaradi 1,000. Hivyo viwili vya bei ya chai hupunguza mtikisiko wa mizunguko 100 zaidi ya mara 60, na kwa saketi ya miliampea 10 unapoteza volti 1 tu.

Sikatai, stima ikishuka sana, regyuleta kama 7812 inakosa zile volti 2 za juu inazohitaji na mtikisiko unapenya. Lakini hiyo utaisikia jioni watu wakiwasha vitu, si mchana kutwa.

Mvumo ukaisha. Kisha mchungaji akachomeka laptopu inayochaji, ikaanza zzzzz nyembamba. Ukitoa chaja, kimya. Hapo ni mzunguko wa athi mbili kupitia waya wa sauti, na dawa yake ni transfoma ndogo ya sauti ya moja kwa moja kati ya laptopu na amplifaya. Nimeahidi kuileta Jumamosi. Kwa sasa mchungaji anatumia betri ya laptopu, na plagi nimeifunga mimi mwenyewe.